Je, Wajua? Pudini ya Chokoleti Haihitaji Yai

Pudini ya chokoleti kwa watoto wa Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, hupikwa kwa maziwa, sukari, unga wa kokoa na wanga wa mahindi. Kokoa ya Tanzania hulimwa zaidi Kyela, mkoani Mbeya, mbali kabisa na Kagera. Ndizi mbivu za kupambia zipo shambani.

Kinachoifanya iwe nzito ni wanga. Chembe zake zikipata joto la nyuzi 65 hivi hufyonza maji na kuvimba. Mwaka 1837, Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, alitumia njia hiyo kutengeneza kastadi isiyo na mayai, kwa kuwa mayai yalimdhuru mkewe.

Nusu lita ya maziwa huhitaji vijiko vikubwa 3 vya wanga, 2 vya kokoa na 4 vya sukari. Maziwa yaliyokamuliwa nyumbani lazima yachemshwe kwanza, kisha yapoe. Vitu vikavu hukorogwa kwa maziwa hayo ya baridi, na hatua hii isirukwe kamwe: wanga ukimwagwa kwenye maziwa ya moto hufanya madonge, maana sehemu ya nje huiva kabla maji hayajafika ndani. Moto uwe mdogo, na mwiko ufike chini ya sufuria muda wote. Pudini ikishatokota dakika 1 au 2, ladha ya unga mbichi huisha, na mstari uliochorwa kwa kidole mgongoni mwa mwiko haujifuti.

Pasipo friji, huliwa siku hiyohiyo. Watoto wa chini ya miaka 2 wasipewe, kwa sababu ya sukari.