Harufu Mbaya Katika Motokari: Dawa Zimo Jikoni

Motokari imekuwa mtumishi wa jamaa nyingi. Huko Bukavu, Uvira, Lubumbashi na penginepo, gari lile lile linalopeleka watoto shuleni asubuhi, siku ya soko hubeba samaki, mihogo na mafuta ya mawese, na usiku pengine humchukua mgonjwa hospitalini. Si ajabu basi likipata harufu.

Harufu hiyo si aibu tu. Mtoto huchafukwa na moyo njiani, na abiria wa teksi hushuka asitake kupanda tena. Wengi hukimbilia kununua manukato ya kutundika mbele ya kioo. Lakini manukato hayaondoi kitu. Huchanganyika na uvundo, na siku chache baadaye mambo huwa mabaya kuliko mwanzo. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwanza, tutafute chanzo

Tutoe mazulia yote, tufagie, tena tuangalie chini ya viti na mahali pa mizigo. Mara nyingi tutakuta dagaa mmoja aliyeoza, unga wa muhogo uliolowa, au maziwa ya mtoto yaliyomwagika. Wakati wa masika maji hupenya kwa mipira ya milango iliyochakaa, na chini ya zulia ukungu huota. Ukungu hauishi pasipo unyevu. Kwa hiyo tuyaanike mazulia juani, tuache milango yote wazi mpaka ndani pakauke kabisa. Jua na upepo ni dawa ya kwanza, wala havinunuliwi.

Kila harufu na dawa yake

Harufu ya samaki hushindwa na kitu kikali, yaani siki au ndimu. Ukali huo huigeuza ile harufu kuwa namna ya chumvi isiyoweza kuruka hewani. Ndiyo sababu akina mama humpaka samaki ndimu jikoni. Tuchanganye bilauri moja ya siki na bilauri moja ya maji, tujaribu kwanza mahali pasipoonekana ili tusiharibu rangi ya kitambaa, kisha tupanguse na kukausha. Siki yenyewe hunuka kidogo, lakini harufu yake hutoka upesi milango ikiwa wazi.

Maziwa yaliyochacha na matapishi ni kinyume chake: harufu yake yenyewe ni kali, hivyo hutaka bikaboneti, ule unga mweupe ambao akina mama hutia katika maandazi. Tuoshe kwanza kwa maji baridi na sabuni kidogo; maji ya moto huyapika maziwa, nayo hushikamana na kitambaa. Pakikauka, tunyunyize unga huo, tuuache usiku kucha, na asubuhi tuufagie. Tusichanganye siki na bikaboneti katika chombo kimoja. Povu lake hupendeza macho, lakini kila kimoja huua nguvu ya mwenzake.

Kwa moshi wa tumbako, au harufu isiyojulikana asili yake, tutumie makaa, ambayo kwetu wengi huyaita makala. Kipande cha kaa kimejaa vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na harufu hunaswa humo. Katika vita vya 1914-1918 askari walivaa vinyago vyenye makaa yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ili wasivute hewa ya sumu. Sisi yatutosha makaa ya kawaida yaliyokauka: tuyatie katika mfuko wa kitambaa, tuyaweke chini ya kiti usiku mbili tatu, vioo vikiwa vimefungwa. Masimbi ya kahawa nayo husaidia, mradi yakaushwe vizuri, yasije yakaota ukungu.

Tuangalie sana

Makaa tunayoyasema ni makaa baridi. Mtu asiingize kamwe makaa ya moto ndani ya gari, hata kwa kufukiza. Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia asiamke tena. Vilevile tusichanganye siki na maji ya Javel, kwa maana hutoa hewa inayounguza macho na mapafu.

Tena ziko harufu mbili ambazo dawa za jikoni haziziwezi: harufu ya petroli, na ya moshi wa mtambo. Hizo si uchafu, ni onyo. Petroli inayovuja yaweza kuwaka. Moshi unaoingia ndani umebeba sumu ile ile ya makaa ya moto. Anayeufunika kwa manukato amemnyamazisha mlinzi aliyekuwa akimwamsha. Tusimamishe gari, tushuke sote, kisha tumwite fundi kabla ya safari nyingine.

Yaliyobaki ni desturi njema. Samaki wasafiri katika beseni lenye kifuniko, chini yake pametandikwa turubai. Kilichomwagika kipanguswe siku ile ile. Na kila juma watoto wapewe ufagio mdogo waisafishe motokari pamoja na baba yao. Kazi ya robo saa hivi itaokoa fedha nyingi, na watoto watajifunza kutunza chombo kinachowatunza.