Mstari wa PLT

Karatasi ya hemogramu ina mistari mingi, lakini macho ya jamaa huishia kwenye hemoglobini. Wakiambiwa damu ipo ya kutosha, roho hutulia. Mimi huanza kwa PLT, hesabu ya chembe sahani.

Tuseme mzee wa Kiamunyi ana homa siku ya tatu. Ameshanunuliwa dawa ya malaria, ingawa Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, malaria ni adimu kwa asiyetoka safari. Sasa anahema haraka, maneno yake hayashikani, mkojo umepungua. Anafikishwa hospitali ya rufaa mjini, ile ambayo wengi bado huiita PGH. PLT inasoma 82, yaani chembe sahani 82,000 kwa mikrolita moja ya damu. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000.

Zimekwenda wapi? Chembe hizi hutoka kwenye uboho na huishi siku 7 hadi 10. Tunazijua kwa kuziba majeraha, kumbe pia hupigana na vijidudu. Zikigusana na bakteria au sumu yao hubadilika umbo, huchomoza miguu, humwaga kemikali na kunatana na chembe nyeupe. Chembe nyeupe nazo hutema nyuzi za DNA zinazonasa bakteria. Kwenye kidonda kidogo hilo ni jambo jema. Katika sepsisi hutokea mwili mzima: damu inaganda ndani ya vishipa vya figo na mapafu, mahali pasipo na jeraha, na chembe sahani zinatumika haraka kuliko uboho unavyozitengeneza. Ndiyo maana mgonjwa yuleyule anaweza kugandisha damu ndani huku akivuja damu kwenye fizi na palipodungwa sindano.

Kwa fasili ya kimataifa ya 2016, sepsisi ni maambukizi yaliyoongeza alama 2 au zaidi za kuharibika kwa viungo. Chembe sahani zikishuka chini ya 100,000 kwa mtu aliyekuwa mzima, alama hizo 2 zimetimia.

Kabla ya kuhesabu alama hizo, mtaalamu wa maabara aangalie damu kwa hadubini. Wakati mwingine chembe hushikamana ndani ya chupa na mashine ikahesabu pungufu. Malaria nayo huzishusha, na vimelea vyake vinaweza kuonekana papo hapo.

Juisi ya bitiruti haitazirudisha chembe sahani. Kinachohitajika ni antibiotiki mapema na kuondoa chanzo, kama mkojo ulioziba au usaha. Kumwongezea chembe sahani asiyevuja damu kwa kawaida hungoja zishuke chini ya 10,000. Anayevuja sana au anayepasuliwa hulengwa 50,000. Nazo hazikai sana kwenye benki ya damu: siku 5 hivi, kwenye nyuzi joto 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote.

Maambukizi yakidhibitiwa, hesabu huanza kupanda baada ya siku chache. Ikiendelea kushuka, daktari hutafuta jipu lililofichika, au hukagua dawa anazopewa mgonjwa, heparini ikiwemo.