Seli za Fueli za Oksaidi Yabisi na Umeme wa Chumba cha Upasuaji

Sisi madaktari wa usingizi huuogopa ukimya wa ghafla umeme unapokatika. Ndiyo maana mara kwa mara huulizwa kama seli za fueli za oksaidi yabisi zaweza kushika nafasi ya jenereta la dharura.

Jibu limo katika muundo wake. Kila seli ina matabaka matatu yaliyoshikamana. Lile la kati ni kauri ya zirkonia iliyotiwa oksaidi ya itri, ambayo hupitisha ioni za oksijeni lakini huzuia gesi na elektroni (tabibu atakumbuka utando wa chembe hai). Oksijeni ya hewa hupokea elektroni upande mmoja, hupenya kauri, kisha hukutana na hidrojeni upande wa pili na kufanya mvuke. Elektroni zinazoachwa hapo hulazimika kurudi kwa njia ya waya wa nje, na huo ndio umeme. Seli moja haifikishi volti moja ikiwa kazini, hivyo hupangwa nyingi pamoja.

Ila kauri hiyo hupitisha ioni vyema ikiwa katika nyuzi 600 hadi 1,000 za Selsiasi. Joto hilo husaidia kuigeuza gesi asilia kuwa hidrojeni humo humo, na ufanisi wa umeme waweza kufikia asilimia 60. Lakini kauri ikipashwa moto haraka hupasuka, kwa hiyo mtambo uliopoa huhitaji saa kadhaa kuwa tayari. Mgonjwa aliyefunguliwa tumbo hana saa hizo. Seli hizi zifae kwa umeme wa mfululizo, usiku na mchana. Dharura ibaki kwa betri na jenereta.