Je, Wajua? Sura ya Kiti Nayo Ina Mwenyewe

Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya 2001 hulinda hata umbo na mapambo ya bidhaa, ya kiwandani au ya kazi ya mikono, mradi yawe mapya na yasajiliwe katika Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya (KIPI), Nairobi. Ulinzi ni wa miaka 5, nao huongezwa mara mbili tu: jumla 15. Wapo wanaodai kwamba huku ni kumnyima riziki fundi wa soko la Gikomba. Sikubali. Umbo linalotokana na kazi ya chombo pekee halilindwi, hivyo miguu inayokizuia kiti kisipinduke ni ya wote. Kinacholindwa ni nakshi za egemeo, na hizo kila fundi aweza kubuni zake. Wakilalamikia ada za usajili, hapo nitawasikiliza.