Nobosodru wa Haut-Uele: uso unaojulikana duniani, jina lililoachwa njiani

Mwaka wa 1925, picha ya mwanamke mmoja wa Kimangbetu ilitoka kaskazini-mashariki mwa Kongo na kuzunguka dunia. Miaka mia moja baadaye, mtu yeyote mwenye simu kule Isiro, Bunia, Goma ao Bukavu anaweza kupiga picha ya mama aliyevaa mavazi ya mababu na kuirekebisha kwa dakika mbili. Vyombo vimebadilika, lakini maswali ni yale yale: kitu gani kikatwe, kitu gani kibaki, na jina la mama liandikwe wapi?

Mwanamke huyo aliitwa Nobosodru. Alipigwa picha wakati msafara wa magari ya kampuni ya Citroën, uliojulikana kwa Kifaransa kama Croisière noire, ulipopita katika eneo la Uele. Msafara huo ulikuwa na magari manane yenye mikanda ya mpira mahali pa magurudumu ya nyuma. Uliondoka Colomb-Béchar, nchini Algeria, tarehe 28 mwezi wa kumi 1924, ukafika Madagascar katikati ya mwaka uliofuata. Viongozi wake walikuwa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Pamoja nao walikuwepo mchoraji Alexandre Iacovleff na watu wawili wa sinema, Léon Poirier na Georges Specht. Picha ya Nobosodru inahesabiwa kuwa kazi ya hao wawili wa mwisho.

Katika picha hiyo, Nobosodru ametazama pembeni, na uso wake unaonekana upande mmoja tu. Kichwa chake ni kirefu kuelekea nyuma, na nywele zimesukwa zikapanuka mwishoni mfano wa mdomo wa kikapu. Nyuma yake hakuna nyumba, hakuna mtu, hakuna mti.

Umbo hilo la kichwa lilikuwa na maana yake. Wamangbetu waliita desturi hiyo lipombo: mtoto mchanga alifungwa kamba kichwani, zikikazwa kidogo kidogo, ili kichwa kikue kwa urefu. Ilikuwa alama ya uzuri na ya ukoo mkubwa, na ilionekana zaidi katika familia za wachifu. Usukaji wa nywele ulikuja juu yake kuongeza ule urefu, pamoja na pini za mfupa ao za pembe za ndovu. Wanawake walivaa pia negbe, kipande kilichotengenezwa kwa majani ya migomba na kufungwa nyuma ya kiuno, chenye mapambo ambayo kila mama aliyachagua. Mwanamke aliyetengenezwa hivyo alikuwa amejipanga mwenyewe, mbele mpiga picha hajafika.

Mpiga picha naye alikuwa na uchaguzi wake. Kumweka mtu pembeni kunaonyesha vizuri umbo la kichwa. Lakini wakati huo, pembeni ndiyo ilikuwa pia namna ya watu waliopima vichwa vya mataifa mbalimbali, na namna ya polisi kuandikisha wafungwa. Mtu anayepigwa hivyo hamtazami anayemwangalia. Anaangaliwa tu.

Kutoka Uele mpaka juu ya injini ya gari

Sinema ya Poirier kuhusu msafara ilitoka mwaka wa 1926, na kitabu cha Haardt na Audouin-Dubreuil kikafuata mwaka wa 1927. Kitabu kilitaja jina la Nobosodru. Lakini kadiri uso wake ulivyosafiri, ndivyo jina lilivyobaki nyuma. Mchongaji François Bazin alitengeneza kichwa cha mwanamke wa Kimangbetu kwa chuma, kiwe pambo la kuweka mbele ya gari la Citroën, juu ya kifuniko cha radieta. Mwezi wa tano 1927, mchoraji Mwamerika mweusi Aaron Douglas alichora uso wa namna hiyo hiyo kwenye jalada la gazeti Opportunity, kule New York. Mwaka wa 1933, jumba la makumbusho la Field Museum la Chicago lilifungua chumba cha sanamu za mchongaji Malvina Hoffman zilizopaswa kuonyesha "mataifa ya dunia", na mwanamke wa Kimangbetu alikuwa kati yao.

Hawa wote hawakuwa na nia moja. Kwa Aaron Douglas na wasomaji wake, uso ule ulikuwa alama ya fahari ya Waafrika. Kwa Citroën ulikuwa tangazo la biashara. Kwa makumbusho ulikuwa mfano wa kabila. Hata hivyo kazi ya mikono ilifanana: kila mmoja alichukua mstari wa kichwa na nywele, akaacha yaliyobaki. Mtu mmoja mwenye jina, familia na kijiji aligeuka kuwa "mwanamke wa Kimangbetu".

Wapiga picha wawili, njia mbili

Poirier na Specht hawakuwa wa kwanza. Kati ya mwaka wa 1909 na 1915, Herbert Lang, aliyetumwa na makumbusho ya American Museum of Natural History ya New York pamoja na kijana James Chapin, alizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo na kurudi na picha karibu 10,000. Lang naye alipiga vichwa kwa pembeni, sawa wenzake wa wakati ule. Lakini alikaa muda mrefu. Alipiga pia watu wakiwa kazini, wakicheza ngoma, wakiwa wamekaa ndani ya nyumba zao. Na katika maandishi yake kuna majina: chifu Okondo, na mke wake Mutubani. Leo mtu wa Haut-Uele anayeangalia picha hizo anaweza kutafuta babu ao bibi ya ukoo wake, kwa sababu kuna jina la kushika.

Casimir Zagourski alifuata njia nyingine. Alikuwa Mpolandi aliyekuja kukaa Léopoldville mwaka wa 1924 na kufungua studio. Picha zake za makabila ya Kongo na ya nchi jirani ziliuzwa kama kadi za posta, katika mfululizo alioupa jina la Kifaransa lenye maana ya "Afrika inayotoweka". Ni picha nzuri sana, zenye mwanga uliopangwa kwa uangalifu. Lakini chini ya kadi nyingi kuna jina la kabila peke yake. Mtu aliyenunua kadi alijua ameona mwanamke wa kabila fulani. Hakujua ni nani.

Picha hizo hazikubaki Ulaya tu. Zilirudi pia kijijini kwa namna ya pekee. Watafiti Enid Schildkrout na Curtis Keim, katika kitabu walichotoa mwaka wa 1990 kuhusu sanaa ya eneo hilo, walionyesha kwamba vyungu na vifaa vyenye kichwa cha mtu viliongezeka wakati Wazungu walipoanza kuvitafuta na kuvinunua. Mafundi waliona kile mgeni anachokitaka, wakakifanya. Kwa hiyo picha haionyeshi tu watu walivyo. Inawafundisha pia namna wanavyotarajiwa kuonekana, na kuna wakati wanaanza kujionyesha hivyo.

Mambo matano yanayoamuliwa kwenye simu

Siku hizi lipombo haifanywe tena. Mavazi ya asili yanaonekana kwenye ngoma, sikukuu, ndoa na mapokezi ya wageni wakubwa. Hapo ndipo wapiga picha wa miji yetu wanafanya kazi, na kila mmoja anapofungua programu ya kurekebisha, kazi ambayo wengi wanaiita retushi, anakutana na maamuzi matano.

La kwanza ni kukata. Ukikata picha ibaki uso na shanga peke yake, mtazamaji anaona uzuri, lakini anapoteza mahali na watu. Ukiacha mkono wa mama unaoshika mtoto, ao jirani anayecheka pembeni, picha inakuwa ya mtu anayeishi na wengine.

La pili ni rangi. Picha ya nyeusi na nyeupe inapendeza, inaficha mwanga mbaya, inakusanya macho kwenye uso. Lakini inampeleka pia mtu katika wakati uliopita. Mama aliyepigwa jana anaonekana kama aliyepigwa mwaka wa 1925, na mtazamaji anaanza kuomboleza desturi ambayo mama huyo alikuwa anaifurahia jana saa tisa. Kukoleza rangi kupita kiasi nako kuna shida yake: nyekundu ya kikwembe na ya shanga inapiga kelele mpaka uso unasahaulika.

La tatu ni ngozi. Hapa historia ya vyombo vyenyewe haikutusaidia. Filamu nyingi za zamani hazikuona vizuri rangi nyekundu, kwa hiyo ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, na alama ndogo za uso zilipotea. Baadaye, filamu za rangi zilipimwa katika maabara za Marekani kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu; kadi hizo ziliitwa Shirley. Leo simu nyingi zinafanya kosa kwa upande mwingine: zinalainisha na kung'arisha ngozi bila kuulizwa. Kuna wapiga picha wanaofanya kinyume, hasa kwa wamama wazee. Wanaongeza tofauti ya mwanga na giza mpaka kila kunyanzi linaonekana kama mfereji, ili mama aonekane mwenye mateso ao mwenye hekima nyingi. Njia ya katikati ni rahisi kuisema: ngozi ibaki na rangi ambayo mama mwenyewe na watoto wake wataitambua.

La nne ni kufuta vitu. Saa ya mkononi, simu shingoni, bidoni ya njano, kiti cha plastiki, jezi ya timu ya mpira: wengi wanaviondoa ili picha ionekane "ya asili kabisa". Mchezo huu una umri mrefu. Mmarekani Edward Curtis, aliyepiga picha za wenyeji wa Amerika ya Kaskazini kwa miaka mingi, alitoa mwaka wa 1910 picha ya wanaume wawili wa Piegan wakiwa ndani ya hema. Kwenye picha ya kwanza palikuwa na saa ya mezani katikati yao. Kwenye ile iliyochapishwa, saa ilikuwa imefutwa. Watu walikuwa na saa, lakini mpiga picha aliwanyima wakati wao. Shindano la World Press Photo linakataza leo kuongeza ao kuondoa kitu ndani ya picha ya habari, ingawa kukata kingo kunaruhusiwa. Kwa picha ya studio ao ya ukumbusho wa familia, mama akiomba bidoni iondolewe, hiyo ni haki yake. Shida inakuja pale picha iliyofutwa vitu inapotolewa kama ushuhuda wa namna watu wanavyoishi.

La tano ni maneno ya chini ya picha. Kila mtu anaweza kuyaandika, hayana gharama, na ndiyo yanayosahaulika zaidi. "Mwanamke wa kabila fulani" ni maneno ya kadi ya posta. Jina, mahali, siku, na sababu ya kuvaa vile, mfano ndoa ya mtoto wake, hayo yanatosha kumrudisha mtu ndani ya picha yake. Pale ambapo jina linaweza kumletea hatari, kama kwa mama aliyekimbia vita, ni yeye anayechagua lisitajwe. Ila hata hapo aulizwe. Mpiga picha asiamue peke yake.

Mwenye uso ana neno

Wapiga picha wa mashariki mwa Kongo wamekwisha kuanza kujibu maswali haya kwa kazi zao. Pamela Tulizo, mzaliwa wa Goma, alipata mwaka wa 2020 tuzo ya Dior ya vijana wapiga picha kwa kazi yake Double Identité. Ndani yake anaweka pamoja sura mbili: mwanamke wa Kongo namna dunia inavyomwona, na mwanamke huyo huyo namna anavyojiona mwenyewe. Katika kazi hiyo kupanga na kurekebisha hakufichwi. Mtazamaji anajua kwamba sura imetengenezwa, na anaambiwa kwa nini.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka wa 2006 kinalinda maisha ya kibinafsi ya kila mtu. Sheria ya mambo ya dijitali, Code du numérique, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, ina sehemu nzima juu ya ulinzi wa habari za kibinafsi, na inaweka ridhaa ya mtu mbele. Lakini mama wa kijijini hatakwenda tribinali kwa ajili ya picha iliyosambazwa kwenye simu za watu ambao hawajui. Ulinzi wake wa kwanza ni mpiga picha mwenyewe.

Ulinzi huo hauhitaji mambo makubwa. Mama aelezwe picha itakwenda wapi. Aonyeshwe picha mbili ao tatu baada ya kurekebishwa, siyo tu ile iliyotoka kwenye kamera, kwa sababu inayosambaa ni ile iliyorekebishwa. Akisema "huyu si mimi", programu inaweza kurudisha hatua nyuma kwa kidole kimoja. Apewe nakala iliyochapishwa kwenye karatasi, kwa kuwa ukutani pake itadumu kuliko kwenye simu. Kama picha inauzwa, sehemu yake ijulikane tangu mwanzo.

Nobosodru hakupewa nafasi ya kusema kama kichwa chake kiwekwe mbele ya gari. Wamama wanaovaa kwa ajili ya ndoa ya Jumamosi hii, kule Rungu, Niangara ao Walungu, wanaweza kuulizwa.