Peugeot ya Marehemu Baba

Nyumba za zamani za Lavington zinabomolewa, maghorofa yanajengwa, na kila familia inapohama banda la gari hufunguliwa. Chini ya turubai kuna Peugeot 504, nambari yake haina hata herufi ya mwisho. Pengine ni mifupa ya kufufuliwa. Pengine imetunzwa kama yai.

Mama, usiiuze kwa bei ya vyuma kuukuu. Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na wapo wanaolitafuta. Lakini ikiwa kitabu kina jina la marehemu, usipokee hata shilingi kabla mahakama haijatoa idhini ya kusimamia mirathi. Ndugu wamewahi kununiana kwa ajili ya gari lisilo na magurudumu!

Nawe mnunuzi, njoo na sumaku. Ipitishe chini ya milango na kwenye madigadi. Isiposhika, rangi inaficha shimo. Injini hutengenezeka, bati lililooza ndilo hula pesa. Kisha linganisha nambari ya chesisi na ya kitabu, wenyewe wote wakiwapo.