Bahari Ilipojipenyeza Kisimani

Chukueni ndoo, ijazeni mchanga, kisha mimineni jagi zima la maji. Yamekwenda wapi? Juu hamwoni kitu. Sasa chimbeni kwa kidole mpaka karibu na chini, msubiri kidogo. Tundu linajaa maji taratibu. Mmechimba kisima! Wengi hudhani chini ya miguu yetu kuna ziwa lililofichwa, kumbe maji yamejibana katikati ya chembe za mchanga na kokoto, kama hayo ya kwenye ndoo.

Basi twende Marekani, jimbo la California, mahali paitwapo Orange County, kusini mwa Los Angeles. Jina hilo ni la machungwa, na kweli zamani kulikuwa na mashamba ya michungwa huko. Mvua ni haba. Wakulima walichimba visima, miji ikakua nayo ikachimba, pampu zikavuta usiku na mchana. Mto Santa Ana, ambao maji yake huzama na kujaza ardhi, haukuweza kufidia yote yaliyochotwa.

Na jirani yao ni Bahari ya Pasifiki. Maji baridi yakiwa mengi ardhini, huisukuma bahari ikae kwake. Yakipungua, bahari haivunji mlango wala haipigi kelele. Hupenya chinichini, mchangani. Kufikia miaka ya 1950 ilikuwa imeingia kilomita kadhaa, na visima vya karibu na pwani vikaanza kuwa na chumvi. Watoto wa pwani yetu wanaijua ladha hiyo: chai ya maji ya kisima cha chumvi, utie sukari usitie, ulimi unajua.

Dawa yake ni kurudisha maji ardhini. Lakini maji gani, pakavu hivyo?

Msicheke sasa. Waligeukia bomba la maji taka. Maji ya kuogea, ya kufulia na, ndiyo, ya chooni, ambayo yalikuwa yakisafishwa kiasi na kumwagwa baharini. Mwaka 1976 kiwanda kilichoitwa Water Factory 21 kilianza kuyasafisha zaidi na kuyashindilia ardhini karibu na pwani, yawe ukuta wa kuizuia bahari. Mwaka 2008 ukafuata mtambo mkubwa zaidi, na tangu 2023 una uwezo wa kusafisha lita milioni 490 hivi kwa siku.

Maji huanza kwa kuvutwa kupitia mirija myembamba kama uzi, yenye vitundu ambavyo bakteria wengi hawapiti. Kisha husukumwa kwa nguvu kwenye utando unaoruhusu maji na kuzuia chumvi, mabaki ya dawa na virusi. Mwisho hutiwa haidrojeni peroksaidi na kumulikwa kwa mwanga mkali wa urujuanimno, uvunje kilichosalia.

Hapa ndipo ninapopapenda. Maji yakitoka huko yamekuwa safi kupita kiasi! Hayana madini, basi yana njaa. Yakiachwa hivyo yataanza kula saruji ya mabomba. Kwa hiyo hutiwa chokaa kidogo, yashibe kwanza ndiyo yasafiri.

Mengine huishia kwenye ule ukuta wa pwani. Mengine husafiri kilomita 21 hivi hadi mabwawa ya Anaheim, mji wenye Disneyland, yakazama polepole mchangani na kuchanganyika na yaliyokuwemo, mpaka kisima cha mji kiyavute tena.

Lakini bahari si mgeni pekee aliyeingia bila hodi. Kuna kemikali ziitwazo PFAS, zilizotumika kwenye vikaango visivyogandisha chakula na povu la kuzimia moto. Haziozi, na zilipopimwa ardhini humo, visima vingi vilifungwa. Siku hizi maji ya visima hivyo hupitishwa kwenye matangi marefu ya chuma yaliyojaa punje ndogo za utomvu wa viwandani, au mkaa. Si mkaa wa kuchomea mahindi, ila ni ndugu yake: umepikwa hadi ukajaa vitundu visivyohesabika. Kemikali hunasa humo, maji hupita, kisima hufunguliwa.

Wageni wanaotembelea ule mtambo mkubwa hukuta bomba mwisho wa ziara, na anayetaka anaonja. Mimi ningenusa kwanza. Halafu ningeomba kikombe cha pili.